Mishtuko ya moyo imeongezeka, au kipimo kimebadilika?

Daktari, nimeona mchoro wa takwimu ambapo wagonjwa wa mshtuko wa moyo wanaongezeka ghafla kuanzia mwaka 2000. Nini kilitokea?

Namna ya kuhesabu ilibadilika. Kabla ya hapo, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mgonjwa alihesabiwa akiwa na mambo mawili kati ya matatu: dalili, mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na vimeng'enya vilivyopanda kwenye damu. Vimeng'enya kama CK hutoka pia kwenye misuli ya mikono na miguu, kwa hiyo jeraha dogo la moyo halikuonekana. Mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilikubaliana kutegemea zaidi troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Wengi ambao zamani wangeandikiwa maumivu ya kifua tu wakaingia kwenye hesabu ya mshtuko wa moyo.

Lakini asilimia ya wanaokufa baada ya mshtuko imeshuka. Si kwa sababu matibabu yameboreka?

Matibabu yameboreka kweli: kuzibua mishipa mapema, aspirini, statini (dawa za kupunguza lehemu). Ila tupige hesabu. Hospitali ina wagonjwa 100, wanakufa 20. Hiyo ni asilimia 20. Kinakuja kipimo kikali zaidi, kinaongeza wagonjwa 50 wenye majeraha madogo, na kati yao wanakufa 2. Sasa vifo ni 22 kwa wagonjwa 150, chini kidogo ya asilimia 15. Takwimu imependeza, na hakuna hata mtu mmoja aliyeokolewa! Wale 50 walikuwepo tangu zamani, wakihesabiwa kwingine. Hospitali inayotangaza kushuka huko bila kusema ilibadilisha kipimo lini inawapotosha watu, hata kama haikukusudia. Jambo hili linaniuma, kwa sababu fedha za kinga hupangwa kwa kufuata takwimu hizohizo.

Basi ukweli utajulikanaje?

Njia bora ni kupima damu ileile kwa vipimo vyote viwili kwa muda, kabla ya kuacha cha zamani. Hapo utajua ongezeko lipi limeletwa na kipimo. Nawasihi wanaotunza takwimu wasiruke hatua hii.

Njia nyingine ni kufuatilia mishtuko mikubwa inayojionyesha wazi kwenye kipimo cha umeme wa moyo, maana hiyo haitegemei sana troponini. Kaskazini mwa California, kati ya 1999 na 2008, mishtuko ya aina hiyo ilishuka kutoka 133 hadi 50 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Jumla ya mishtuko yote ilipanda kidogo hadi 287 mwaka 2000, kisha ikashuka hadi 208. Kushuka wakati kipimo kinazidi kuwa kikali ni habari njema ya kuaminika.

Mbona siku hizi nasikia wanawake wengi zaidi wana mshtuko wa moyo?

Sehemu moja ni mipaka mipya, yaani kiwango cha troponini ambacho kikipitwa huashiria jeraha la moyo. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana cha troponini I, aina mojawapo ya troponini, mpaka kwa wanawake ni nanogramu 16 kwa lita na kwa wanaume 34. Ukitumia mpaka mmoja wa juu kwa wote, baadhi ya wanawake huachwa nje.

Miaka iliyopita troponini yangu ilikuwa 0.03. Juzi, maabara nyingine, ni 30. Nimezidiwa mara elfu?

Hapana. Ya kwanza inaelekea iliandikwa kwa nanogramu kwa mililita, ya pili kwa nanogramu kwa lita. Kwa vizio hivyo ni kiasi kilekile. Hata hivyo, troponini T na I hazilinganishwi moja kwa moja, wala mashine tofauti. Na ugonjwa wa figo au moyo kushindwa kufanya kazi huweza kuipandisha kwa muda mrefu bila mshtuko. Peleka karatasi zote mbili kwa daktari wako. Ukipata maumivu ya kifua, usisubiri miadi. Nenda hospitali mara moja, ambako troponini hurudiwa baada ya saa chache kuona kama inapanda au inashuka.