Oksijeni inavyotengwa na hewa: jibu kutoka kwa mtu wa mtambo

Mkuu, umeuliza kiwandani wanaitoaje oksijeni kwenye hewa, na kwa nini mashine ndogo za kutengenezea oksijeni hazifikii usafi wa ile ya mitungi. Nimekuwa mtu wa zamu kwenye mtambo wa kutenganisha hewa, nakueleza ninavyoujua.

Hewa inachujwa vumbi, kompresa inaigandamiza hadi baa 6 hivi (kama mara sita ya shinikizo la kawaida la hewa), kisha inapita kwenye matangi ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) yanayonasa unyevu na kaboni dioksidi, ambavyo vikiachwa vitaganda na kuziba njia. Baada ya hapo inapoozwa mpaka inakaribia kuwa kimiminika.

Utamu uko kwenye minara, yaani matangi marefu yaliyosimama ambamo gesi hutenganishwa kwa viwango vyake vya kuchemka. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, oksijeni -183. Tofauti ni nyuzi 13 tu, na zinatosha: nitrojeni hupanda juu kama mvuke, oksijeni hushuka chini kama kimiminika. Mwaka 1902 Carl von Linde, Mjerumani, alitenga oksijeni kwa mnara mmoja, lakini oksijeni nyingi iliponyoka na nitrojeni. Dawa ikawa minara miwili iliyopandana, wa chini baa 5 hivi, wa juu baa 1 na kidogo. Shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka, kwa hiyo nitrojeni ya chini ikigeuka kimiminika hutoa joto la kutosha kuichemsha oksijeni ya juu yake. Hakuna hita! Miaka yote hii bado naustaajabia ubunifu huo. Oksijeni hujikusanya chini ya mnara wa juu, safi kwa 99.5% au zaidi.

Hapo hapo ndipo penye hatari. Asetilini (gesi inayowaka) na mabaki ya mafuta yakijikusanya kwenye oksijeni hiyo ya kimiminika, mtambo unaweza kulipuka. Kupima uchafu huo hakusubiri zamu ijayo, hata kama kazi zimebana.

Mashine ndogo haigeuzi hewa kuwa kimiminika. Zeolaiti inanasa nitrojeni kwa shinikizo, shinikizo likishuka inaiachia, na matangi mawili yanapokezana. Tatizo ni agoni, ambayo ni 0.93% ya hewa: zeolaiti haiitofautishi na oksijeni, zinatoka pamoja. Hata nitrojeni yote ikiondoka, utaishia kwenye 95% na ushee. Kwa mgonjwa, 93% inakubalika kitabibu. Anayekata chuma kwa gesi, usafi ukishuka chini ya 99.5% ataona kasi inapungua, kwa hiyo yeye anahitaji oksijeni ya mnara.