Bagamoyo hadi Kaole kwa miguu: usianze saa nane mchana

Mkuu, futa hiyo ratiba ya Jumamosi uliyoiweka hapa ukiomba ushauri. Umeandika mtaanza saa nane mchana kwenye lile kanisa dogo la Misheni, penye mnara ulikolazwa mwili wa Livingstone, yule msafiri Mskoti, mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, mfuate ufuko hadi kijiji cha Kaole, halafu mrudi kwa mbalamwezi. Na watoto wawili. Mwezi mpevu umeuchagua kwa ajili ya picha. Nilifanya hivyohivyo, saa hiyohiyo.

Mwezi mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne asubuhi. Saa nane unayotaka kuondoka, bahari imeshapanda zaidi ya nusu na bado inakuja. Mwanzoni hutaona kitu, mchanga upo, upepo mzuri. Ukifika kwenye mikoko ndipo utajua. Maji hayakufuati kwa mbele ukayaona. Yanaingia kimyakimya kwenye vijito ulivyovivuka dakika ishirini nyuma, na ukigeuka, njia uliyopita haipo.

Mimi nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa. Tope lilimvua viatu vyote viwili. Nikambeba mabegani, maji yananifika kifuani, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine umeinua kamera ya kuazima. Kabla hamjaanza kucheka, naogelea vizuri. Lakini kwenye mizizi ya mikoko huogelei, unakwama. Alipoanza kulia niliiachia kamera nikamshika kwa mikono miwili. Kamera hiyo niliilipa miezi minane.

Aliyetutoa ni mzee mmoja mvuvi na ngalawa yake. Akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu wa nane. Hakucheka. Akasema, "Nauliza mwezi wa juu, mwanangu. Umeandama siku ngapi?" Sikujua.

Na hasira yangu haijaisha kwa yule kijana aliyejiita mwongozaji, aliyepokea hela yangu asubuhi akaniambia "muda wowote freshi tu, bosi." Mtoto wa pale pale, amekulia ufukweni, anajua bamvua kuliko ninavyojua jina langu. Alikuwa na kazi moja tu ya kuniambia.

Kwa hiyo kabla ya kiatu, kabla ya kofia, kabla ya kumlipa yeyote: ulizia maji. Nenda soko la samaki jioni ya siku iliyotangulia, uliza watu wawili wanaoshuka chomboni, si wanaokuuzia safari. Kila siku maji huchelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo jibu la wiki iliyopita halifai.

Jumamosi yako, kama ni lazima iwe hiyo, ondokeni saa mbili asubuhi, mkitembea huku maji yanatoka. Ni mwendo wa kama saa mbili. Saa nne mko Kaole, mnaona misikiti na makaburi ya kale kwa utulivu, mnakaa na wavuvi kijijini, na kurudi mnapanda bodaboda barabarani. Mbalamwezi mtaitazamia hotelini.

Uliuliza pia mambo ya gesti na lenzi, wengine watakujibu. Wewe niandikie hapahapa kwamba umebadilisha saa. Kesho nitapita kuangalia.