Wadadisi wapya wa utafiti wa kaya Kigoma, tuongee kuhusu kula

Wadogo zangu, nimewaona pale mwaloni Kibirizi, zinapopakia boti: maboksi ya biskuti, katoni za maji, na mmoja wenu kabeba jiko la gesi. Mnapanda boti kwenda Mwamgongo, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mmebeba samaki wa kopo! Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo.

1. Mkisharipoti kwa mtendaji, nendeni kwa mama ntilie. Mwambieni mko wangapi, mtarudi saa ngapi, na mwacheni na hela ya kuanzia. Hapiki kwa kubahatisha. Mkimtokea saa tisa alasiri kundi zima bila taarifa, mtakula chapati za asubuhi, na msimnunie.

2. Angalieni mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikishika, mwaloni panapoa. Tena siku hizi ziwa linapumzishwa, uvuvi unasimamishwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ukiulizia samaki kama mgebuka wa kuchoma kipindi hicho unaangaliwa tu. Kuleni maharage. Ya Kasulu hamtajuta.

3. Ugali wa muhogo. Hapa tukae kidogo.

Nilipoanza kazi niliuogopa. Nilisikia muhogo mchungu una sumu, na ni kweli, ndiyo maana watu wanauloweka siku kadhaa na kuuanika kabla ya kusaga. Wanaujua kuliko mimi. Lakini mimi nikawa nakula mkate wangu kwenye boti, na kwenye kaya nikikaribishwa nasema nimeshiba, tumbo nimelishika kama ushahidi. Upande wa Kalya, mama mmoja aliniwekea ugali na dagaa waliolowa mawese. Nikasogeza sahani pembeni, kwa adabu zote, nikafungua sehemu ya dodoso ya matumizi ya chakula kwa siku 7 zilizopita, nikaanza kumuuliza. Muhogo? Hatukula. Dagaa? Hapana. Mawese? Kidogo tu. Mchele? Kila siku, mwanangu. Na nyama pia. Sahani iko palepale, inafuka moshi. Nikajaza! Mwongozo unasema jaza alivyojibu mhojiwa, basi nikajificha humo. Kaya ya jirani nao wakanijibu hivyohivyo, maana habari za kijana asiyekula zilishanitangulia.

Msimamizi alipofungua kazi yangu alikuta kijiji cha wavuvi kisichokula samaki. Akaniuliza mbele ya wenzangu kama nilihoji wanakijiji au waalikwa wa harusi. Nikarudishwa kurudia kaya zote, nauli ya boti juu yangu. Yule mama aliponiona hakusema kitu, alileta maji ya kunawa. Nikala. Ulikuwa laini, unavutika, na mawese yale yananukia hasa. Tonge la tatu hivi akaanza kucheka, akasema haya, fungua hicho kishikwambi chako, mchele tulikula siku ya Idi.

Sisemi mle kila mnachopewa. Tonge mbili zinatosha, na kaya yenye njaa usiimalizie chakula cha watoto. Ila mkate wa kwenye begi ubaki kwenye begi.

4. Vipimo vya sokoni, yaani fungu, sado, kopo, chupa ya soda ya mawese: pimeni kwa mzani wenu kila kijiji. Fungu la dagaa la Ujiji si fungu la Kagunga, na msije mkakadiria kwa macho usiku mkiwa mmelala gesti.

5. Dagaa wa kupeleka nyumbani chagueni walioanikwa kwenye chanja. Wa kwenye mchanga ni rahisi, lakini mama mkwe akisikia kokoto kwenye jino, jina linalotajwa ni lako.

6. Mawese hayatoki kwenye nguo. Fulana nyeupe mlizopewa kwenye mafunzo ziacheni Mwanga, hapo mjini Kigoma, vaeni hizo kuukuu, na yule mwenye jiko la gesi aliache hukohuko.