Prodyuza anataka masta zako? Usisaini kwanza

Ndugu yangu nimekusoma, nyimbo umetunga mwenyewe, prodyuza anasema atakurekodi bure ila masta, yani rekodi zenyewe, ziwe zake moja kwa moja, na hela ya studio huna. Naelewa kabisa, ofa kama hiyo inavutia mfuko ukiwa mtupu. Ila usisaini kwanza.

Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yani maneno na melodi, na ya ile rekodi yenyewe, ndo masta. Ukimpa masta milele, hela ya rekodi ya striming inapita kwake, na mtu wa filamu akiitaka hiyo rekodi lazima aongee na yeye. Mwambie achukue asilimia ya mapato mpaka gharama yake irudi, au kwa miaka kadhaa, ila masta zibaki zako. Mimi nimeshakubaliana hivyo na maprodyuza, wengi wanaelewa ukiongea nao mapema, wimbo ukishashika ndo inakuwa balaa.

Siku hiyohiyo studio andikeni karatasi: nani katunga nini, majina kamili, asilimia zifike 100, wote msaini, hata yule aliyechangia mstari mmoja wa kiitikio. Omba na kopi ya mafaili ya sesheni, yani yale ya kurekodia yenye sauti na ala kila moja peke yake. Sajili utunzi kwenye chama cha kukusanya mirabaha, yani malipo ya watunzi wimbo ukitumika, na kila rekodi iwe na namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kuitambua rekodi.

Ukiona mkataba unasema "nyimbo zote zijazo", au utunzi umechanganywa humo na masta, tafuta mwanasheria wa hakimiliki kabla hujashika kalamu, hata kama ni wa kumlipa saa moja tu.