Asidi ya betri haichagui jiwe na mfupa

SWALI: Mwalimu mstaafu ameiachia shule yetu jiwe lenye fuvu la disinodonti (mnyama wa kale mla majani, jamaa wa mbali wa mamalia) kutoka bonde la Luangwa, Zambia. Zimetokeza chonge mbili tu. Fundi anashauri tulilaze usiku kucha kwenye asidi ya betri iliyochanganywa na maji. Tutumie kipimo gani? – Mwalimu wa sayansi, Tororo, Uganda

JIBU: Hakuna kipimo, Mwalimu. Msilichovye. "Asidi hula jiwe, huacha mfupa" ni uongo ulioharibu mifupa mingi. Mfupa ni fosfeti ya kalsiamu. Hapo kwenu Tororo, mwamba wa fosfeti wa Sukulu uligeuzwa mbolea kwa asidi ya salfa, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye betri! Asubuhi mtakuta mfupa umelainika na kugeuka jasi, na jiwe huenda liko vilevile.

Siki nayo isiwadanganye. Maabara hutumia asidi ya siki, kama asilimia 5, pale tu jiwe lina chokaa. Kwanza huikoroga na fosfeti ya kalsiamu ili isiutafune mfupa, na kila sehemu iliyojitokeza hupakwa utomvu wa plastiki. Kisha fuvu hukaa kwenye maji safi muda mrefu kuliko lilivyokaa kwenye asidi. Likisuuzwa haraka, chumvi huganda ndani na kulipasua. Palipo na kutu ya chuma, siki haisaidii kitu.

Chonge ndizo za kuhurumia zaidi. Za baadhi ya disinodonti hazina enameli, lile ganda gumu la nje ya jino; ni dentini tupu, yaani tishu laini zaidi ya ndani, na mistari yake ya ukuaji ni kumbukumbu ya maisha ya mnyama. Kwa mistari hiyo, mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba Lystrosaurus, disinodonti wa Antaktika, huenda alikuwa akizimisha mwili kwa vipindi wakati wa baridi.

Lipigeni picha, mliweke juu ya mfuko wa mchanga, mchokonoe kwa sindano ya chuma kigumu chini ya lenzi, ncha ikielekea mbali na mfupa. Ufa upakeni Paraloid B-72, plastiki ya kuimarishia mifupa ya kale, asilimia 5 ndani ya asetoni. Gundi ya mbao na vanishi, hapana: huziba mistari na kuondoka kwa shida.

Nawaomba na wanaookota mifupa ya kale Napak na Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda: msioshe, msing'arishe. Andikeni mahali na tarehe, kisha mpeleke Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, Kampala, kabla fundi hajaigusa.