Kinyesi cha Panya Hakingoji: Niliyojifunza Maabara Huku Mbeya

Mara ya kwanza nilikusanya kinyesi cha panya weupe kizimba baada ya kizimba, vichupa nikavipanga mezani, nikagandisha vyote nilipomaliza. Muda wa saa mbili tu, na kazi ya miezi ikaharibika. Bakteria wengi wa utumboni hawavumilii oksijeni, hufa. Wanaobaki huendelea kula na kuzalisha, na asidi fupi za mafuta wanazozitengeneza, kama asetati, propionati na butirati, hupotelea hewani kama mvuke. Nilichopima hakikuwa kile kilichotoka tumboni.

Siku hizi namshika panya juu ya kichupa safi, nasubiri. Kipande kikidondoka bado ni laini, kinang'aa kwa unyevu, kidogo kama punje ya mchele. Safari yake nimeshaiamua kabla sijamgusa panya.

Kipande cha kupimia metaboliti, yaani kemikali ndogo zinazozalishwa na bakteria na mwili, kinazama papo hapo kwenye naitrojeni ya maji, ile yenye baridi kali sana. Baadaye nakisaga katika methanoli baridi, nazungusha kwenye sentrifuji, nachukua maji ya juu. Kipande cha bakteria hai kisiguse methanoli wala kisigandishwe kikavu, bila kimiminika cha kuwakinga: nakisaga ndani ya kisanduku kisicho na oksijeni, kwenye maji ya chumvi yenye sisteini ya kuondoa oksijeni, natia gliseroli ya kuwakinga bakteria wakati wa kuganda, ndipo kinaenda kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama naitrojeni inakusumbua kuipata, ongea na wahimilishaji wa ng'ombe. Wao huhifadhia mbegu za madume humo.

Jambo moja la huku kwetu nyanda za juu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ikionyesha shinikizo lililoandikwa vitabuni, ndani huenda bado haijafika nyuzi 121 zinazotakiwa. Tafadhali, fuata kipimajoto. Na ile baridi ya Juni na Julai isiingie chumba cha panya, maana baridi nayo hubadilisha bakteria wao.

Panya hula kinyesi, chake na cha wenzake, hivyo wa kizimba kimoja hufanana bakteria. Panya watano wa kizimba kimoja si ushahidi wa panya watano. Kila kundi la jaribio ligawe kwenye vizimba kadhaa.

Gawa sampuli kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, kwani kuyeyusha na kugandisha tena huua bakteria. Kila siku ya kukusanya, pitisha pia kichupa kimoja kisicho na kinyesi hatua zote zilezile. Uchafu wa vifaa na kemikali utauona humo.