Barua kwa mwanangu: akiba ya Maushi ishikwe na nani

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Baba yako anakula vizuri, vidonge vyake hakosi, na jioni anatembea hadi msikitini na kurudi bila kupumzika njiani. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimeona swali lako si la kujibiwa kwa simu huku mtandao unakatika, nikachukua karatasi.

Umeniuliza hivi: Maushi, huyo mama anayekuja asubuhi kukupigia deki na kukuoshea vyombo hapo Pune, India, umpe rupia 2,500 zake zote mkononi, au kila mwezi umzuilie 300 umwekee za uzeeni? Na hizo 300 zinatosha?

Hesabu ya 300 naiacha kwanza. Mimi nataka kujua zitashikwa na nani. Umeandika "nitamwekea", tena umeandika mara mbili, na neno hilo limeninyima usingizi. Utamwekea wapi, mwanangu? Kwenye akaunti yako wewe? Nimewaambia tangu mko shule ya msingi: akiba isiyo na jina lako si yako. Uliniambia Maushi kwa Kimarathi ni dada wa mama. Basi huyo ni mdogo wangu, na nina haki ya kumsemea.

Habari ya Dada Mkubwa, dada wetu wa kazi, unaijua. Mshahara wake nilikuwa namwekea mimi, kwa ombi lake mwenyewe na kwa nia safi, ukakaa pamoja na pesa zangu. Ada ya kaka yako ikapita mlemle. Nilirudisha mpaka shilingi ya mwisho, lakini nilirudisha baada ya mazishi ya mama yake kule Lushoto, si kabla. Siongezi hapo. Wewe ulikuwepo jikoni siku ile.

Lakini si yeye aliyenijia usiku nilipomaliza kukusoma. Aliyenijia ni Akka.

Wewe ulikuwa chuo mwaka ule wa 2016 tulipompeleka baba yako Chennai, kusini mwa India, kwa ajili ya moyo, kwa hiyo mengi hatukukusimulia. Tulipanga chumba kwenye kichochoro cha Greams Road. Mtaa mzima ni wagonjwa na ndugu zao: Wabangladeshi, Wanigeria, na bibi mmoja wa Maskati mwenye Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu. Akka alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba yetu, ghorofa zote tatu, na nyumba nyingine mbili jirani. Akka ni dada mkubwa kwa Kitamil, ingawa alikuwa mdogo kwangu kwa miaka karibu kumi. Alfajiri, kabla hajashika ufagio, alichora maua kwa unga mweupe kizingitini, mistari inapinda na kurudi ilikoanzia bila kukatika. Nilikuwa naamka mapema makusudi nimwangalie. Baba yako yuko wodini na mashine zake, na mimi yale maua ndiyo yaliyoniambia kuwa siku imeanza na mambo yanaendelea.

Tulielewana kwa ishara na kupitia binti wa mwangalizi wa nyumba, mtoto wa shule aliyejua Kiingereza.

Jumanne tarehe 8 Novemba, saa mbili usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi akatangaza kwenye televisheni kwamba ikifika saa sita usiku noti za rupia 500 na 1,000 si pesa tena. Saa nne tu mbele. Kesho yake benki zikafungwa. Zilipofunguliwa, foleni zilizunguka majengo na wazee wakakaa chini juani. Sisi wenyewe tulikuwa na noti za 1,000 tulizobadilisha kwa ajili ya matibabu, na bibi wa Maskati ndiye aliyetununulia mkate.

Siku ya tatu Akka alikuja na kifurushi cha kitambaa kilichojaa vumbi la mchele. Akamwita yule binti, akafunga mlango, akafungua. Noti 23 za rupia 500. Alikuwa anazificha kwenye pipa la mchele, miaka sita, bahashishi za Deepavali, sikukuu yao ya taa, anazopewa na wenye nyumba kila mwaka. Mume hakujua. Mtoto wake wa kiume hakujua. Alisema ni za siku atakayoshindwa kuinama.

Hilo neno yule binti alilitafsiri kwa shida, akalazimika kuinama mwenyewe ili nielewe.

Na Akka alikuja na mpango wake, mpango mzuri. Siku zile serikali iliruhusu maduka ya dawa yapokee noti za zamani kwa mwenye cheti cha daktari. Mimi nilikuwa na vyeti tele, kila siku nanunua dawa za baba yako. Alitaka nilipie dawa kwa noti zake, na mimi nimpe thamani yake kidogo kidogo kwa pesa nzuri, kila nikipata. Asingepanga foleni. Asingeandikwa popote. Pipa la mchele lingerudi kuwa pipa la mchele.

Nilikataa.

Nilikataa kwa maneno matamu, na ndiyo maana bado yananichoma. Nilimwambia kupitia yule mtoto kwamba akiba isiyo na jina lako si yako. Nikamwambia leo noti zimekufa, kesho panya, keshokutwa moto. Alikuwa na akaunti ya benki, moja ya zile ambazo serikali yao ilianza kuwafungulia watu wa kipato cha chini mwaka 2014 bila kudai salio, na ilikuwa haijawahi kuingizwa kitu. Nikamwambia aziingize humo. Nilimsindikiza mwenyewe! Nilisimama naye foleni saa mbili nzima, nikaenda kumwona baba yako, nikarudi nikamkuta bado yumo. Alipotoka na kijitabu kimeandikwa 11,500 nilimkumbatia barabarani. Nilijiona nimefundisha somo bora kuliko yote niliyofundisha miaka 31 ya ualimu.

Mwanzo wa Desemba mji ulifungwa kwa msiba. Jayalalithaa, Waziri Kiongozi wa jimbo lile, alifariki hapohapo mtaani kwetu alipokuwa amelazwa tangu Septemba. Wiki moja baadaye, tarehe 12, kikaja kimbunga Vardah. Miti iliangukia magari, umeme ukakatika. Kesho yake nilidhani Akka hatakuja. Alikuja, anaruka matawi. Unga wa kuchorea hakuwa nao. Nilimuuliza kwa ishara, nikasugua vidole, kijitabu kiko salama? Akamwita yule binti.

Jirani alikuwa amemwona foleni na akamuuliza mume: mkeo anapeleka nini benki? Kijitabu kilikuwa ndani pamoja na kadi ya mgao wa chakula. Mume alisoma tarakimu, akampeleka benki yeye mwenyewe, wakatoa 10,000, kiasi cha mwisho akaunti za namna ile zilichoruhusiwa kwa mwezi siku hizo. Zikalipa deni la mume la pikipiki. Akka alieleza bila kunilaumu, huku anakusanya majani kwa mikono. Mimi ningependa angenilaumu.

Sasa ngoja, maana najua utaniandikia kwamba kosa ni la mume. Nami nimejiambia hivyo miaka yote hii. Kosa si la benki, na jina lake kuandikwa si kosa. Zile noti zikibaki kwenye pipa zingekuwa karatasi ya kuwashia moto, hilo halina ubishi. Ila kulikuwa na njia ya tatu, aliifikiria mwenyewe, ikaletwa mpaka mkononi mwangu, na mimi nikatoa mafundisho. Pesa zilikuwa zake miaka sita kwa sababu hazikuwa na jina la mtu. Siku zilipopata jina zilidumu chini ya mwezi. Hapo msemo wangu unanigeuka, na bado siwezi kuuacha, kwa sababu ya Dada Mkubwa. Zake hazikuwa na jina lake, zikaliwa na mimi, mtu aliyempenda.

Tangu turudi nasoma kila ninachokipata kuhusu akina mama hawa wa India. Wewe, mgeni, mshahara wako unakatwa asilimia 12 kwa mfuko wa akiba, na kampuni inaongeza ya kwake. Mfuko ule ulianzishwa kwa sheria ya 1952, na unahesabu mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi. Nyumba ya mtu haimo. Maushi wako anafanya nyumba nne, na kila mwenye nyumba anaona anamlipa kazi ya saa moja tu. Mabosi wanne, mwajiri hakuna. Hapo Pune wenzake waligoma 1980 wakidai nyongeza na likizo, na jimbo lenu la Maharashtra lilitunga sheria ya bodi ya ustawi wao mwaka 2008. Ila pensheni ya mwezi kwa mwezi, kama hii yangu ambayo mimi na walimu wenzangu tunaililia kikokotoo, hawanayo. Mimi nalalamika nikiwa nayo! Mzee maskini kule wa miaka 60 hadi 79 anapewa na serikali kuu rupia 200 kwa mwezi, na majimbo yanaongezea.

Upo mpango wa 2019 unaoitwa Pradhan Mantri Shram Yogi Maandhan, na wafanyakazi wa nyumbani wametajwa humo. Ni kwa mwenye miaka 18 hadi 40 ambaye kipato chake hakizidi rupia 15,000 kwa mwezi. Anachanga, serikali inachanga kiasi hichohicho, na akifika 60 anapata 3,000 kila mwezi. Anayeingia na miaka 18 anatoa 55 kwa mwezi, mwenye 39 anatoa 190. Anaandikishwa kwenye vile vituo vya huduma vya mitaani, kwa kadi ya Aadhaar, kile kitambulisho chao, na akaunti ya benki. Na tangu 2022 upo utaratibu wa mwenye nyumba kumlipia mchango mfanyakazi wake.

Utaona moyo wangu unakoelekea. 190 ni chini ya 300 zako, humkati kitu, 2,500 zake anazipata zote, na jina ni lake. Nilipopiga hesabu hiyo nilisimama nikamwita baba yako.

Halafu nikakaa. Rupia 3,000 za leo hazitakuwa 3,000 miaka 21 ijayo, na mpango hauziongezi kwa kupanda kwa bei. Akijitoa kabla ya miaka kumi anarudishiwa michango yake na faida kama ya akaunti ya kawaida, basi. Wewe mkataba wako ni wa miaka miwili. Ukiondoka nani atalipa 190, yeye? Na je, hiyo akaunti, kijitabu chake kinawekwa wapi? Anaye mume? Umeniandikia anakunywa chai ya tangawizi na anapenda unavyoimba, hukuniandikia kama anaye mume. Labda anaye, na ni mtu mwema. Labda mwenyewe anataka 300 zake leo kwa sababu mtoto anahitaji daftari, na uzee kwake ni jambo la mtu aliyekwisha kushiba. Labda anacheza upatu na wenzake na anajua pesa zake ziko wapi kuliko wewe na mimi tunavyojua zetu.

Nataka sana kukuambia umwandikishe. Kalamu imegusa karatasi mara mbili kuandika hivyo na nimeiinua. Niliwahi kumwambia mwanamke afanye nini na pesa zake, na nilikuwa na hakika vilevile. Kitu kimoja tu nakukataza kama mama yako: kumwekea kwenye akaunti yako. Hayo mengine mkae chini mzungumze, na yeye aanze kusema kabla yako. Kama ana mpango wake, hata ukiuona wa ajabu, usikilize mpaka mwisho.

Ila usichelewe. Umeandika ana miaka "kama 39, 40 hivi". Hiyo "hivi" ni kubwa. Akishapita 40 mpango ule hauingiliki, na hata ule mwingine wa mwaka 2015, Atal Pension Yojana, una mlango huohuo. Muulize kwa upole Aadhaar yake imeandikwa mwaka gani wa kuzaliwa, maana huo ndio watakaouhesabu, si ule anaoukumbuka mama yake. Muulize na kijitabu cha benki usiku kinalala wapi. Niandikie majibu yote mawili wiki hii.

Kofia ya baba yako uliyotuma imefika. Inambana kidogo, lakini hataki kuivua.

Mama yako,
Tanga